Nani Anarudi Nyuma?

Jumatatu, 3 Machi

Kasoro tatu leo. Ya kwanza: kisakinishi chetu kinaanza vizuri kuweka mfumo mpya, kisha kinaganda kwenye asilimia tisini na nne. Nimeipata — kilikuwa kinasubiri mtandao ambao haupo. Ya pili: ukibonyeza z inatoka y. Nayo nimeiondoa. Ya tatu ilitokea mara moja, nimeshindwa kuifanya itokee tena, nimeiacha. Ikinihitaji itanitafuta.

Mkuu kapita na kikombe chake cha chai, kauliza kama tuko tayari. Nikasema tumejaribu mara arobaini na mfumo umeingia mara arobaini. Akafurahi. Flashi sita zinaondoka kesho na dereva, moja kwa kila kituo cha afya. Kompyuta zao zimechoka, haziwaki mpaka zibembelezwe. Tunawapa mfumo mpya, wa bure, Kiswahili kila ukurasa. Kiswahili hicho ni changu. Najisifu, ndiyo. Nani anasoma hapa?

Jumanne, 4 Machi

Flashi zimeondoka. Mkunga wa kituo cha mbali kuliko vyote alipiga simu kabla hata dereva hajafika, kuuliza kama kumbukumbu zake zitabaki salama. Ana vizazi vya miaka kumi na moja humo — jina la mtoto, la mama, siku, saa, uzito. Vitabu vya karatasi vililiwa na mchwa. Mtu akitaka cheti cha kuzaliwa ni kompyuta ile au basi. Nakala nyingine? Hana.

Nikamweleza pole pole. Kompyuta yake ina diski mbili, ndogo ya mfumo na kubwa ya kumbukumbu. Achague ndogo, kubwa haitaguswa. Akauliza kama naapa. Nikaapa! Kwenye kiti kizuri, feni inanipepea, kuapa hakuna kazi.

Jumatano, 5 Machi

Mama mkubwa yuko kwangu wiki hii kwa ajili ya kliniki ya macho. Mpiga chapa mstaafu, miaka thelathini na moja mbele ya mashine, hajui kukaa bure. Ameshapanga upya kabati la vyombo, sasa sioni kijiko. Nikamletea kompyuta ya majaribio, ile ya diski mbili, nikamwambia asakinishe mfumo kama mchezo. Ukweli ni kwamba nilitaka anisifu.

Hakunisifu. Alisema maandishi ya ukurasa wa mwisho ni madogo kama mayai ya chawa. Niliyapunguza mwenyewe ili yaenee kwenye skrini ndogo.

Kisha nikaangalia diski kubwa. Tupu. Nyeupe pee!

Nikamwambia amechagua vibaya. Akavua miwani, akanitazama vile alivyokuwa akinitazama nilipokuwa nadokoa nyama jikoni. "Mimi nimechagua ndogo. Nikarudi ukurasa wa nyuma kuhakiki jina langu, ndipo nikaendelea. Karatasi yangu haijawahi kutoka bila kusomwa mara mbili."

Amerudia mbele ya macho yangu. Kweli tupu. Ukirudi nyuma hata mara moja, kisakinishi kinasahau ulichochagua na kujichagulia diski kubwa. Mstari huo wa programu ni wangu, wa mwaka juzi: usipojua, chukua kubwa. Ukurasa wa mwisho unaitaja diski, kwa mayai yale ya chawa. Ukithibitisha, kufuta ni sekunde nne.

Mara arobaini ofisini, na hakuna hata mmoja wetu aliyerudi nyuma. Njia tunaijua. Endelea, Endelea, Endelea, kwa kidole kilekile.

Naogopa. Mama mkubwa ameuliza kama ameharibu kitu. Nimemwambia ametengeneza.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemweleza Mkuu. "Nani anarudi nyuma?" ameuliza. Nikamjibu: mtu makini.

Alikuwa anataka turekebishe kimyakimya na kutuma flashi mpya wiki ijayo, aibu isitoke nje. Nikasema nitapiga simu mwenyewe na kusema kosa ni langu. Akapumua. Akasema mchuma janga hula na wa kwao, akavuta kiti, akachukua nusu ya namba. Sikumtegemea hivyo.

Vituo vitano: hakuna aliyeanza. Mmoja hata bahasha hajafungua. Kwa mara ya kwanza nimeshukuru uvivu wa watu.

Mkunga hapatikani. Nimepiga mara tisa. Dereva anasema alimkabidhi mkononi, na mama yule alisema ataifanya Ijumaa asubuhi, siku ambayo kliniki haina watu.

Marekebisho yenyewe: mstari mmoja.

Ijumaa, 7 Machi

Saa nne na robo. Amepokea!

Alianza saa tatu, anasema, sauti ya mtu mwenye furaha. Alichagua ndogo kama nilivyomwelekeza. Halafu akataka kuhakiki jina la kituo, akarudi nyuma mara moja tu. Akaendelea. Hapo ndipo alipoitwa leba. Mapacha. Je, alibonyeza kitufe cha mwisho? Hakumbuki. Mkono ulikuwa juu ya kipanya, na huku anaitwa.

"Usiguse kitu, mama. Nenda ukanisomee tu kilichoandikwa."

"Kwani kuna ubaya, mwanangu?"

Nimemwambia yote. Diski, mstari, kiapo changu. Kisha: "Haya. Ngoja nivue glavu."

Simu iko mezani, spika imewashwa. Mkuu amesimama mlangoni, chai hajaigusa. Naandika ili mkono upate kazi. Nasikia viatu vyake kwenye korido. Mtoto analia — sasa wawili. Ufunguo. Kiti kinavutwa. Anaulizia miwani yake, mtu anamwambia iko kichwani.

Anasoma pole pole, hataki kuruka hata neno.

"Tafadhali..."

Kurasa mbili zinaanza hivyo. Tafadhali thibitisha diski. Tafadhali ondoa flashi, kazi imekwisha. Zote mbili nimeziandika mimi. Kuna mtu amemwuliza jambo kuhusu uzito wa pacha wa pili, na anamjibu yeye kwanza.