Mdomo wa Konokono

Shoga, hupokei simu, basi naandika.

Si unamjua Kibonge wangu? Karudi kutoka bwawani na konokono kwenye chupa, mdogo kama punje ya mahindi. "Mama, nimfuge?" Sijawahi kumwona wa aina hiyo. Nikamuuliza shemeji yangu wa maabara.

Akasema, "Msimamishe, ncha juu, mdomo wa gamba ukutazame, kisha nitumie picha. Mdomo ukiwa kushoto, huenda ni wale wanaobeba kichocho."

Kichocho, shoga! Mtoto kukojoa damu!

Nikamsimamisha kwenye kijiko mbele ya kifua, nikapiga, nikatuma. Akajibu, "Uko kulia. Kalale, shem." Nilicheka peke yangu jikoni kama mwehu.

Halafu nikaitazama tena ile picha. Maandishi ya fulana yangu yako kinyumenyume. KINYUMENYUME! Kamera ya nyuma imekufa, nilitumia ya mbele, na ile hugeuza kila kitu kama kioo.

Nikamtoa tena konokono kwa kijiko, nikamtazama kwa macho yangu. Kushoto. Nikamsimamisha upya. Kushoto!

Nikampigia shemeji, hakutania tena. "Si kila mmoja ana vimelea, lakini aliyeingia majini apimwe. Dawa ipo. Msingoje augue."

Nikamuuliza Kibonge, "Uliingia?"

"Likizo nzima, mama. Mpaka kiunoni."

"Peke yako?"

"Na mtoto wa mama mdogo. Yeye ndiye anayepiga mbizi."

Mama mdogo si ndiye wewe? Wako huyo, shoga. Mvalishe viatu, niko njiani nakuja kuwachukua.