Njia ya Ndeshi Kwenda Shule

Kariakoo, Dar es Salaam
Jumapili mchana

Dada Eliaika,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute kifua kimepona, na Mama awe anakula vizuri kuliko mlivyoniambia wiki ile. Mimi ni mzima. Nakula, nalala, naenda kazini. Ukiniuliza zaidi ya hapo sina la kukuambia, na si kwamba nakuficha.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kila nikipiga unaweka spika ili Mama asikie, na Ndeshi wangu anakuwa hapo hapo. Haya si ya kusikilizwa na mtoto. Barua nitampa yule jirani yetu wa nyumbani mwenye duka la vipuri huku, anapanda Machame kesho. Nimemwomba akupe mkononi.

Mwezi uliopita uliniambia kwamba nikipata mahali ambapo mtoto ataenda shule kwa miguu yake bila kuhangaika na magari, utaniletea. Nisipopata hadi shule zifunguliwe Januari, atabaki kwako mpaka amalize darasa la saba, na mimi niache kumwambia kila wiki kwamba nakuja kumchukua. Jioni ile niliyaandika maneno yako kwenye shajara, chini ya tarehe yake, kama ulivyoyasema. Sikukasirika. Tangu tumzike mama Ndeshi mwaka jana, wewe ndiye unayemwogesha na kumfulia sare. Una haki ya kuweka sharti.

Basi nakueleza nilivyotafuta, ili uamue ukiwa umejua.

Unajua bado naishi Kimara kwa binamu yetu Fredi, chumba kimoja watu wawili. Natoka alfajiri, narudi giza limeingia. Mtoto hawezi kuishi hivyo, hata bila wewe kuniambia. Nilitaka chumba ambacho shule iko karibu na duka ninalofanya kazi liko karibu, kote kufikike kwa mguu. Karibu na soko vyumba ni ghali, na karibu kila mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Hiyo ninayo, usihangaike nayo. Kilichonisumbua ni njia.

Nilimpata dalali mmoja, anaitwa Chidi, mtu mzima wa makamo na mwenye maneno mengi. Siku yangu ya mapumziko ni Jumapili peke yake, kwa hiyo nilipotoka ibada ya kwanza tulikutana, akanionyesha vyumba. Kila chumba nilichokiona si kibaya, nilimwomba tutembee kutoka mlangoni hadi shuleni, kisha kutoka shuleni hadi dukani. Mara ya kwanza alidhani natania. Mara ya pili aliketi kwenye benchi la muuza kahawa akakataa kuinuka.

"Mangi, niambie ukweli," alisema, kwa jina wanalotuita huku Wachaga. "Unatafuta chumba au unatafuta njia?"

Nilimwambia vyote viwili. Akamgeukia muuza kahawa, akamwambia ameonyesha watu nyumba tangu hajaota ndevu na hajawahi kupata mteja anayekagua lami kabla ya choo.

Jumapili ya tatu tulipata. Chumba kiko nyuma ya mtaa wa Msimbazi, kina dirisha kubwa, maji yanatoka, na kodi yake iko chini kuliko vyote tulivyoviona. Mtaa ulikuwa kimya. Milango mikubwa ya chuma imefungwa pande zote mbili, paka wamelala katikati ya barabara, mzee mmoja anafagia. Nilitembea hadi shuleni na kurudi, nikarudia tena peke yangu. Niliona Ndeshi anaweza kupita pale akiwa anasoma kitabu. Nilimwambia mwenye nyumba nitarudi kesho yake asubuhi kulipa, kabla ya kuingia kazini.

Kesho yake nilifika nikadhani nimepotea. Ile milango ya chuma niliyodhani ni ya nyumba za watu ilikuwa ya stoo, Dada. Yote. Mimi ninayeshinda kwenye stoo ya sufuria siku sita kwa wiki nilipita mbele ya milango ya stoo nikaiona kama mahali pa kulala watu. Sasa ilikuwa wazi, na vilivyokuwamo vimemwagwa nje: marobota ya mitumba, majaba ya plastiki, magunia ya mchele. Lori limerudi kinyumenyume hadi kwenye kona. Pale alipofagia mzee kulikuwa na meza za wamachinga, na pembeni mwa barabara hapakuwa na hata pa kuweka mguu. Wapita njia wote walitembea katikati, pamoja na mikokoteni.

Niliinama kama mtu anayefunga kamba za kiatu, nipate kuona kwa kimo cha Ndeshi. Niliona magurudumu na magoti ya watu, basi. Msukuma mkokoteni mmoja alinifikia na mzigo wake ukiwa juu kuliko kichwa chake.

"Sogea, mangi," aliniambia. "Mkokoteni hauna breki."

Hakusema kwa ubaya. Nilisogea. Nilimtumia mwenye nyumba ujumbe kwamba sitakichukua, nikaenda kazini, nikahesabu sufuria. Mchana Fredi alinipigia kuulizia chumba, nikamweleza, akauliza kama nimehuzunika. Nilimjibu sijui, na ndivyo ilivyokuwa.

Aliyenisaidia ni tajiri wangu, Mzee Nassor. Nilishakuambia kwamba watu wake asili yao ni Arabuni na duka hili aliliacha baba yake. Aliuliza kwa nini nilichelewa, nikamweleza yote kwa mpangilio. Alicheka hadi akavua miwani.

"Nyinyi watu wa kanisani," alisema, "mnatafuta nyumba siku mji umelala. Utaoa mwanamke uliyemwona amelala?"

Kisha akafikiri, akasema Ijumaa tunafunga duka ili yeye na watu wake waende kuswali. Mimi wakati huo huwa nakaa nyuma na kula. Akaniambia nisikae. Niende nikaangalie mitaa saa hiyo, kwa sababu kila kitu bado kiko wazi njiani na ndiyo saa watoto wadogo wanatoka shule.

Kwa hiyo Ijumaa nilivuka kwenda upande wa Ilala, nikasimama ng'ambo ya lango la shule moja ya msingi. Nilijiambia nisichague njia mimi. Watoto wa pale wanajua pa kupita, na walimu na wazazi wao wameshawaonyesha. Walipotoka, niliwafuata kwa mbali. Walikwepa barabara kubwa kabisa. Waliingia kichochoro cha kwanza, wakapita nyuma ya msikiti, wakatokea mtaa wa nyumba za chini zenye vibaraza, ambako gari likiingia linatembea kama mtu. Mmoja mmoja walipungua kwa kuingia majumbani. Nilikuwa nimebaki nyuma ya wasichana wawili, ndipo mwanamke anayekaanga mihogo mbele ya nyumba yake akaniita.

"Kaka, simama hapo hapo. Una mtoto katika hao?"

"Sina."

"Sasa unawafuata wa nani?"

Vijana waliokuwa wanatengeneza pikipiki wakainuka. Mmoja akauliza, "Mama Zuhura, vipi, tumshike?" Nilijua kwamba mtu katika hali ile angepaswa kuogopa. Sikuogopa. Niliwaona kama watu walio nyuma ya kioo. Nilimwambia yule mama kwamba natafuta chumba, kwamba nina binti wa miaka saba yuko Machame kwa dada yangu, na kwamba nafuata watoto nijue wanapita wapi.

"Kazi ya kutazama njia ya mtoto ni ya mama yake," alisema. "Mama yake yuko wapi?"

"Amefariki."

Dada, neno hilo sikuwahi kulisema katika mji huu. Dukani wanajua nina mtoto, hawajaniuliza mengine. Nilisubiri nione litanifanya nini. Halikunifanya kitu. Ila nilishindwa kuendelea na maelezo yangu, nikasimama pale mkono mmoja hewani, kama ninayeonyesha kichochoro.

Mama Zuhura aliwaambia vijana warudi kwenye pikipiki yao. Akanisukumia kigoda, akanipa mhogo kwenye kipande cha gazeti, akaniambia nile kwanza. Wale wasichana wawili walikuwa wa nyumba yake. Walikaa mlangoni wakinitazama ninavyokula.

Nyumba ni ya urithi, ya baba yake. Ina vyumba sita na ua wa saruji, na chumba kimoja kiko wazi. Kodi yake naiweza. Kutoka mlangoni hadi shuleni mtoto havuki barabara kubwa hata moja. Mimi nitavuka, kwa sababu duka liko upande wa pili, lakini hiyo ni juu yangu. Ndeshi akitoka shule kabla sijarudi atakaa pale kwenye mihogo pamoja na wengine, na Mama Zuhura alisema watoto wote wa ua ule hukaa pale, hakuna anayelipa. Ni Waislamu. Jumapili nitampeleka kanisani mwenyewe, na Mama Zuhura aliniuliza hilo la kanisa kabla mimi sijalitaja.

Lakini kuna jambo. Hapangishi mabachela. Alishawahi kuwapokea, wakamletea wageni na kelele, na wapangaji wenye watoto wakahama. Nilimwambia mimi si bachela. Akanijibu hivi, nakuandikia vile vile:

"Kila mwanamume anayekuja hapa ana mtoto anayekuja mwezi ujao. Chumba nitampangisha binti yako. Wewe utakuwa mgeni wake. Nikimwona, ufunguo nampa yeye."

Nilimwambia dada yangu naye hatamtoa mtoto mpaka aone chumba. Akasema basi hao wanawake wawili inabidi waonane, na mimi nikae pembeni. Atanishikia chumba mpaka shule zifungwe, zaidi ya hapo hawezi.

Ndiyo maana nakuomba, Dada, shule zikifungwa ushuke naye. Si kumleta moja kwa moja. Nakuomba mje mtazame. Njoo siku ya kazi, usije Jumapili. Utaongea na Mama Zuhura, utaona choo, maji, na watu wa ua ule. Ukisema hapana, Ndeshi atapanda basi na wewe na sitabishana, na ile ahadi ya kila wiki nitaiacha kama ulivyotaka. Kwa sasa usimwambie habari ya chumba. Mwambie mnakuja kunisalimia.

Utaniuliza kama naweza kumlea mtoto katika hali hii niliyo nayo. Najua kuchemsha uji, kupiga pasi na kukagua madaftari. Kusuka nywele sijui, wasichana wa pale wamesema watamsuka. Mengine ya moyoni hayajarudi tangu msiba, na sijui kama yanarudi kwa kungoja au kwa kuwa na mtu wa kumfanyia.

Nisalimie Mama, mwambie mwanawe wa mjini anavaa sweta lake hata kwenye joto hili. Msalimie shemeji, nashukuru kwamba hajawahi kuuliza mtoto atakaa kwake hadi lini. Msalimie mama mchungaji aliyekaa nasi siku zile tatu za msiba. Na mdogo wetu Elirehema, anayetunza kihamba, shamba letu la ukoo, mwambie apalilie pale alipolala mama Ndeshi kabla mvua hazijaisha.

Njia ile niliitembea tena jana, saa ya kula, peke yangu. Mkija nataka Ndeshi atangulie. Wewe na mimi tukae nyuma, tusimwambie kitu, tuone akifika kwenye kichochoro kama atageuka kututazama au atapita tu.

Ni mimi mdogo wako,
Anaeli