Mlango wa Gari la Wafula

Jumatatu, 1 Agosti 1994
Nimepangusa gari kabla ya kwenda sokoni, kama kila asubuhi. Ndani nimekuta vipande vya sigara. Mume wangu Wafula hakuvuta sigara maisha yake yote. Ni Barasa, ndugu yake. Amekuja tena bila hodi, akakaa humo na rafiki zake. Wiki jana alibeba jeki. Kabla ya hapo, redio. Kitasa cha mlango wa dereva kilikufa Wafula akiwa bado hai, na sasa kila mwenye mkono anafungua. Nimekasirika hadi chai imenishinda.

Jumanne, 2 Agosti
Barasa amekuja na uso mkavu. Ati wazee wa ukoo kule Bungoma wamekaa kikao. Gari la mwanamume halibaki na mjane, tena mjane Mkamba. Jumamosi atakuja na fundi wa kuunganisha waya liwake, kwa kuwa ufunguo ninao mimi. Ukoo! Ukoo ulikuwa wapi Wafula akilala chali chini ya hilo gari miaka yote ile? Gari la mashindano, la Kiingereza, milango miwili, alilinunua likiwa bati na kutu. Tochi nilishika mimi. Nikamwuliza kwa nini anaingia bila ruhusa. Akajibu akiwa ameegemea boneti:

"Shemeji, gari ikiwa wazi ni ya kila mtu."

Haya. Basi litafungwa. Akitaka kuvunja kioo avunje, mtaa mzima wa Buruburu ukimwona.

Jumatano, 3 Agosti
Nimeenda Grogan, kwa wauza spea, kutafuta kitasa. Muuzaji wa spea amecheka. Vya gari kama hilo havipatikani tena. Kisha akanishauri nimtume mzee. Nikamwambia mzee yuko chini ya migomba Bungoma, tangu Machi. Nikaondoka bila kuaga.

Nyumbani nimefungua ubao wa ndani wa mlango mwenyewe. Skrubu kwenye kikombe cha chai. Mkono wa kuzungushia kioo umenibana kidole. Kumbe kitasa ni kizima. Kilichokatika ni kile kijiti cha chuma kinachokiunganisha na komeo. Kutu imekila kabisa.

Alhamisi, 4 Agosti
Baridi. Nimejaribu waya wa kuanikia nguo. Unapinda. Nimejaribu hanga. Imekatika. Nimetukana, nikamwomba Mungu msamaha, nikatukana tena.

Ijumaa, 5 Agosti
Sokoni sikuenda. Nimefungua ubao wa mlango wa abiria, ule unaofunga vizuri, nione kijiti chake kimepitaje.

Si kijiti. Ni sindano yangu ya kufumia. Ya chuma, kichwa cha kijani. Ile niliyoitafuta miaka minne iliyopita hadi nikageuza magodoro. Na Wafula alinisaidia kutafuta! Aliinua kochi yeye mwenyewe, akapiga magoti, akachungulia. Nilikuwa namfumia sweta yeye. Nilikuwa nimemaliza mgongo tu. Halafu kila Julai ananiuliza sweta yake iko wapi, ati mke gani huyu anayewafumia watoto wa watu sweta za shule na mumewe anatetemeka.

Mwizi. Nimemwambia hivyo kwa sauti, pale nje, jirani akapunguza redio asikie. Nimemkasirikia maiti. Kisha nikakaa kwenye kokoto nikalia vile sikulia hata matangani.

Nikaingia ndani, nikaitoa ile sweta kwenye sanduku. Nikapitisha uzi kwenye vitanzi visifumuke, nikachomoa sindano ya pili. Nimeikunja ncha kwa koleo kama alivyoikunja yeye, nikaipachika kwenye mlango wa dereva, kichwa juu, isitoke. Nikazungusha ufunguo. Komeo likagonga. Nimefunga na kufungua hadi giza likaingia, bila sababu.

Jumamosi, 6 Agosti
Wamekuja. Barasa akavuta mlango. Akavuta tena kwa mikono miwili. Akazunguka upande wa pili, huko nako kumefungwa. Majirani wote nje, wengine na vikombe mkononi. Fundi wake anaangalia viatu. Barasa akaniuliza ni nani ametengeneza.

"Ni ndugu yako. Mimi nimemalizia."

Alikiangalia kioo. Akawaangalia majirani. Mkono ukarudi mfukoni. Ameondoka akisema wazee watasikia. Wasikie. Na wakishasikia wanirudishie redio na jeki ya mume wangu. Nilipika ugali kwa hasira, ukaungua.

Jumapili, 7 Agosti
Nimetoka kanisani. Manyunyu kidogo. Nimekaa garini, kiti cha abiria, changu. Nikafunga milango yote miwili.

Nilikuwa nimeibeba ile sweta. Sitaimaliza, sindano zake zina kazi milangoni. Nimeitandika kwenye kiti cha dereva, pale ngozi ilipochanika. Ni mgongo tu, na kiti hakina mikono. Imeenea vizuri.