Wa Kukaa na Mogesi

Kewanja

Shikamoo mama,

Natumaini hamjambo hapo Ringwani, na mtama umeshauanika. Huku mvua imenyesha vizuri. Steven, baba yake Mogesi, hajapiga simu tangu avuke mpaka wa Sirari, basi tumwache.

Nimepata kazi ya kupika kwenye kambi ya wachimbaji, ikabidi nitafute kituo cha kumwacha Mogesi. Cha kwanza walimkataa, wanataka mtoto aliyeacha nepi. Cha pili kilinipendeza, kisafi, kimya, watoto wote wamelala kwenye mikeka. Nikamwacha hapo. Juzi niliwahi kutoka kazini, nikamkuta amelala. Nilimwita, nikamtikisa, hafumbui macho.

"Umempa nini mwanangu?" nikamuuliza mlezi.

"Dawa ya kikohozi, kidogo tu. Tunawapa wote. Unadhani tutawawezaje?"

Nilimbeba nikakimbilia zahanati huku nalia barabarani kama mwehu. Alizinduka jioni, akaomba uji. Mama, na mimi ndiye niliyeusifia ule ukimya.

Leo nimekwenda naye kazini. Bosi amesema kesho nije peke yangu au nisije kabisa.

Najua ulisema huwezi kulea tena, na mgongo wako naujua. Sikukupigia simu kwa sababu ungekataa, na ungekuwa na haki.

Anayekupa barua hii ni Winfrida, jirani yangu. Mtoto aliyembeba ni Mogesi. Akinililia, mwambie mama yuko njiani, hata kama si kweli.

Mwanao niliyeishiwa pa kwenda,
Nyangi