Malipo kwa Pointi

Jumanne, 9 Julai

Zahanati mpya ya Mpapura, jengo la wagonjwa wa nje. Pointi ishirini na mbili leo. Swichi moja ni pointi, soketi moja ni pointi, taa moja ni pointi, na fundi analipwa kwa idadi yake. Ndivyo nilivyolipwa nilipokuwa fundi, ndivyo ninavyowalipa wangu. Zimebaki wiki tatu tukabidhi. Vumbi la ukuta halitoki kichwani hata nikioga mara mbili.

Nyumbani nimekuta bahasha ya chama cha wafanyakazi. Wananiita ofisini mjini keshokutwa kuhusu “utekelezaji wa mkataba wa hali bora”. Mkataba gani? Nimesoma mara mbili ndipo nikaelewa. Umoja wetu wa wakandarasi wa umeme umesaini na chama huko Dar tangu Aprili. Mshahara wa mwezi, saa za kazi zisizidi nane kwa siku, malipo kwa pointi marufuku. Mimi mwenye mafundi sita na pikapu moja mbovu nimewekwa kapu moja na kampuni za maghorofa. Hakuna aliyenipigia hata simu. Ada ya uanachama tu ndiyo hawasahau kunidai.

Nimekasirika hadi wali umenishinda.

Alhamisi, 11 Julai

Nimekwenda. Katibu wao ana viatu ambavyo havijawahi kuona saiti. Ameniita “mama yangu” mara sita. Nilihesabu.

Nilimwuliza kama amewahi kuvuta waya kwenye paipu. Hajawahi. Nikamweleza kwamba Saidi, fundi wangu mkuu, kwa pointi anapata zaidi ya huo mshahara wao. Akasema, “Mama yangu, sisi tunamwangalia na yule wa mwisho.” Wa mwisho wangu ni Mwajuma, mama wa watoto watatu, kaanza ufundi ukubwani, mkono bado mzito. Hapo alisema kweli, na hilo ndilo lililonikera kuliko yote.

Kanipa mpaka tarehe 22 nisaini, la sivyo twende kwenye usuluhishi. Nikisaini, kazi ya Mpapura naimaliza kwa hasara, na kazi nyingine mkononi sina. Miaka kumi na moja nimejenga kampuni hii. Nimetoka bila kuaga.

Ijumaa, 12 Julai

Wamejiunga na chama wote. Wote sita! Saidi mwenyewe ndiye aliyenionyesha fomu, jina lake la kwanza kabisa. Saidi niliyemkuta Mtawanya akitengeneza redio kibarazani kwao. Nikamfundisha kusoma mchoro, nikamlipia chuo. Mkewe alipojifungua nilikwenda na kanga na mchele. Leo ananitazama machoni, ananiambia, “Siyo ubaya, Mama Lusajo.” Kama siyo ubaya ni nini?

Baba Lusajo anasema nitulie, hasira hasara. Yeye ni mwalimu, mshahara wake unaingia hata shule ikifungwa. Nimemwambia hivyo hivyo. Kanuna. Na anune.

Jumatatu, 15 Julai

Mgomo baridi. Wamefika saa mbili kamili, siyo saa moja kama siku zote. Chai saa nne. Mchana wamekula, wamesali, wamerudi bila haraka. Kila boksi wanafunga, wanapima, wanafungua tena kuangalia. Saidi kashika kipimo utadhani daktari. Mpaka jioni pointi tisa. Tisa!

Na hakuna wa kumfukuza, maana hakuna aliyekaa bure. Nimesimama mlangoni mikono kiunoni. Wao wanataniana kwa Kimakonde, mimi Mnyakyusa naambulia kicheko tu. Sijui walichosema. Kilikuwa juu yangu, hilo najua.

Jumatano, 17 Julai

Leo nimeshika koleo mwenyewe. Muuguzi aliomba soketi moja zaidi chumba cha kujifungulia, ya kuchemshia vifaa. Chumba kile tulikimaliza Mei. Nikasema ngoja niwaonyeshe hawa jinsi pointi inavyofungwa kwa nusu saa.

Nikafungua soketi ya jirani ili nivute waya kutoka pale. Mwekundu upo. Mweusi upo. Wa kijani umekatwa mfupi, umekunjwa nyuma ya boksi, haujafungwa popote. Huo ndio unaopeleka umeme ardhini kifaa kikivuja. Bila huo kila kitu kinafanya kazi vizuri tu, mpaka siku kifaa kivuje na mtu ashike chuma. Kitanda cha kujifungulia ni cha chuma.

Nikafungua ya pili. Vilevile. Ya tatu iko sawa. Ya nne vilevile. Soketi tisa, saba hazina. Nikatupa koleo chini kwa hasira. Na kwa woga, niandike ukweli.

Alhamisi, 18 Julai

Nimewakusanya wote chumbani mle, soketi zikining'inia ukutani. Nimefoka hadi mganga mfawidhi akachungulia. Nimemwita Saidi muuaji, mbele ya wenzake.

Hakukana. Alisubiri nimalize, akasema taratibu, “Ulitupa pointi, mama. Muda hukutupa.”

Mei naikumbuka. Kazi imechelewa, mafundi wawili wamekwenda kwao kupuliza salfa kwenye mikorosho, mimi nimesimama hapo hapo nasema pointi ishirini na tano kwa siku, asiyeweza aende naye akapulize. Waya wa kijani hauhesabiwi pointi. Soketi ikiwa nao ni pointi moja, ikiwa haina ni moja ile ile. Nani atapoteza dakika tano za bure huku nimemsimamia kichwani?

Halafu jioni chumba kilipoisha nilisaini fomu ya vipimo. Kipimo sikukitoa hata kwenye mfuko wake. Niliona taa zinawaka, nikasaini. Saini iliyopo pale ni yangu, siyo ya Saidi.

Bado nina hasira naye. Angeniambia. Lakini Mei ile ningemsikiliza? Hapana. Ningemtukana.

Jumamosi, 20 Julai

Nimemwambia mganga mfawidhi kwamba tarehe ya kufungua isogezwe. Nimemwambia kwa nini, na nani alisaini. Kanijibu maneno ambayo sitayaandika. Yote kweli. Jengo la pili, litakalojengwa baadaye, nadhani watampa mtu mwingine.

Nimemwomba Saidi radhi kwa lile neno. Kaitikia kwa kichwa. Kisha akasema na yeye amekosa, amewakosea akina mama ambao wangelala pale. Kwangu hakuomba. Sawa.

Jumatatu, 22 Julai

Nimesaini. Katibu katabasamu, “Asante sana mama yangu.” Bado simpendi. Nimemwambia mshahara waliouandika ni wa watu wenye maghorofa, na nitaupigia kelele mkataba ukifika muda wa kujadiliwa upya. Kasema nina haki hiyo. Najua ninayo!

Jioni nimeandika barua kwa umoja wetu wa wakandarasi. Kurasa mbili. Nimewaambia, mkitaka kusaini kwa jina langu, na mimi niwepo chumbani. Baba Lusajo kanisahihishia, kafuta matusi matatu, kaliacha moja. Hatununiani tena.

Pikapu naiuza. Gharama ya kurudia kazi ni juu yangu, na mwisho wa mwezi watu sita wanangoja mshahara. Nitapanda bodaboda na ngazi begani kama zamani. Nimelia kidogo, nikaacha.

Jumatano, 24 Julai

Chumba cha kujifungulia tangu asubuhi. Boksi moja, halafu jingine. Saidi anafunga, Mwajuma anapima, mimi naandika. Mwajuma ndiye mwenye subira ya kipimo kuliko sote. Sikulijua hilo.

Saa tano kaja mama mmoja mjamzito, kwa miguu, kanga kichwani. Kauliza kama tumeshafungua. Nikamwambia bado. Akainua macho kwenye taa ya ukumbini. “Mbona umeme unawaka?”

Nikamwambia unawaka, lakini bado.

Sikumweleza zaidi. Nilitaka, nikaona aibu. Akakaa kidogo kwenye ngazi, nikampa maji, akanywa, akashukuru, akaondoka polepole alikotoka. Nimesimama pale nikimtazama mpaka hakuonekana tena. Halafu nikarudi ndani, zilikuwa zimebaki soketi nne.