Uso Wako wa Chokaa

Bibi,

Mbukwenyi, kwa salamu ya kwetu. Shikamoo sikupi, maana ulikuwa ukisema hiyo ni salamu ya watu wa misafara na wewe si mzigo wa mtu. Nakuandikia kwa herufi nilizofundishwa na mwalimu wa misheni, yule uliyekuwa ukimcheka kwa miguu yake myembamba. Siku nilipokuonyesha karatasi yangu ya kwanza uliigeuza juu chini, ukaipapasa kwa kidole gumba, ukasema hii nayo ni chale, ila ngozi yake hailii. Basi nakuchanjia karatasi hii. Nikimaliza nitaifukia kichwani pa kaburi lako, upande wa mawe, mahali ambapo mbuzi hawafukui.

Habari za huku si mbaya sana. Mvua imechelewa tena na uwele umetoka mfupi. Gari la moshi la Wadachi sasa linafika Dodoma na kupita, na likipiga kelele ng'ombe wanakimbia hadi leo, hawajazoea. Vijana wanarudi kutoka kazi ya reli wakiwa na mapaji matupu, wanasema chale ni mambo ya zamani. Lakini watu wa Bahi bado wanakuja, na wa Kongwa pia. Nawaambia Bibi amefariki. Wanasema pole, halafu wanakaa chini palepale na kunitazama mikono, kama watu wanaochagua mbuzi mnadani.

Naificha nyuma wakinitazama hivyo. Nasikia sauti yako: "Tulia. Mkono wako unakimbilia wapi?"

Hukunizaa, wala hukumzaa mama yangu. Ulinichukua kwa sababu nilikaa kutwa nzima nikikutazama unavyofanya kazi bila kufumba macho, na ukamwambia mama kwamba mtoto asiyeogopa damu ya mwenzake atakufa njaa au atakuwa mchanjaji. Ulinifundisha kuinua ngozi kwa mwiba, kukata kwa kisu cha mhunzi kisichozidi ukucha, kupaka masizi na mafuta ya nyonyo. Wengine walikuwa wameanza kutumia vipande vya chupa za wazungu. Uliwatukana wote, mmoja mmoja, kwa majina ya wazazi wao.

Na ule mduara ulikuwa wako. Kabla yako, watu wa huku waliwekewa kovu la duara paji la uso, likafungwa, basi. Wewe ndiye uliyeacha nafasi juu, upana wa punje ya uwele. Ukaiita mlango. Ulisema mtu aliye hai lazima awe na mahali pa kutokea, na akishafariki lazima pafungwe kwa kisu na jivu la jiko lake mwenyewe, asije akasahau kwamba ametoka akawa anarudirudi. Aliyefunguliwa mlango hafungwi kamwe akiwa hai. Ulinisimulia yule mama wa Buigiri aliyefungwa na mchanjaji mlevi, akaanza kusinzia mchana, na mavuno hakuyaona. Watu walikuja kutoka mbali kwa ajili ya mlango huo. Hata waliokuwa na alama za zamani walitaka uwafungulie.

Wewe mwenyewe ulijichanja ukijitazama katika maji ya kibuyu. Nani mwingine angethubutu? Ulikuwa na jeuri, Bibi, na nilikupenda kwa jeuri hiyo.

Jeuri hiyohiyo ndiyo iliyomkaribisha daktari.

Unamkumbuka Mdachi yule, mwekundu kama kisigino kilichosuguliwa, aliyekuja na masanduku na mkalimani. Alisema anataka kuchukua nyuso zenye alama, azipeleke kwao zikatazamwe. Wengine walikimbilia porini. Wewe uliuliza swali moja tu: watu wangapi watazitazama? Mkalimani akasema wengi, miaka na miaka. Basi ukalala chini kabla hajamaliza. Walikupaka mafuta, wakakutia nyasi mbili puani upumue, wakakumwagia chokaa laini kama uji. Ukatulia ndani ya weupe ule mpaka chokaa ikakauka. Ulipotolewa ulicheka, kope zako zikiwa nyeupe, ukanisukuma mgongoni: "Lala na wewe, usiwe mwoga." Nikalala. Chokaa ilikuwa ya moto mwanzoni, halafu ikawa baridi, baridi ya ndani ya mfupa, na sikusikia kitu chochote cha dunia hii.

Hatukufikiri, Bibi. Wewe hukufikiri na mimi sikufikiri. Mtu mwenye uso mmoja ana mlango mmoja. Mtu mwenye nyuso mbili je?

Ulipofariki nilifanya kila kitu ulichonifundisha. Nilichota jivu la jiko lako. Nilikufunga mlango kabla hawajakufunika ngozi ya ng'ombe, na mkono haukutetemeka, ningependa ujue hilo. Nililia baadaye. Nililia mpaka mume wangu akaniambia nikale kwanza halafu nirudi kulia.

Halafu kukaanza kuwasha. Tulikuwa korongoni tukichota maji kwenye visima vya mchanga, jua la utosi, wanawake wengi, wote uliowachanja wewe. Nikasikia paji linaniwasha pale juu, penye nafasi. Nikaweka kibuyu chini nikajikuna. Nilipoinua macho, kila mwanamke alikuwa ameweka kibuyu chini anajikuna paji. Tulitazamana. Tukajitwika vibuyu upesi tukarudi nyumbani.

Kisha kigoda chako. Nilikuwa nimekiweka mlangoni pa tembe, kivulini, hakuna anayekikalia. Siku moja nilikisogeza nifagie, nikakuta kina joto, kama mtu ameinuka sasa hivi. Kesho yake hivyohivyo. Kisha nikasikia kinoo chako, kile kisauti cha kisu kinachonolewa polepole, mchana watu wote wakiwa shambani.

Sikuogopa. Nisikudanganye, nilifurahi. Nilikaa karibu na kigoda nikakuambia habari za kijiji, nani kaolewa, nani kaachwa. Nilikuwa nimekukosa mno.

Ila mwanangu Sechelela alianza kukaa pale. Unamjua, ulimpokea wewe mwenyewe alipozaliwa, na paji lake bado tupu. Aliacha kucheza na wenzake. Alikuwa anajilaza chini kandokando ya kigoda, juani, amekikumbatia mguu mmoja. Nikamuuliza unafanya nini hapo. Akasema, "Bibi ana baridi. Ameniambia nimlalie."

Nilimshika mikono. Jua lilikuwa linachoma mpaka kuku wamejificha, na mikono ya mwanangu ilikuwa baridi kama mtungi.

Nilimtoa, akarudi. Nilimfungia ndani, akalia kwa sauti ambayo si ya mtoto, nikafungua. Aliacha uji, akaacha maziwa. Baridi ikapanda kutoka mikononi ikafika mabegani. Mume wangu alikwenda kwa mganga, mganga akasema haoni mzimu wa kumtuliza, kwa kuwa wewe umefungwa vizuri. Mwalimu wa misheni alikuja akaomba, akamgusa mtoto, akajifuta mkono kwenye kanzu yake, akaomba tena. Nami nilikasirika, Bibi. Nilisimama mbele ya kigoda nikakugombeza kama mtu anavyomgombeza mke mwenza. Nilikuambia mtoto huyu si blanketi lako.

Siku hiyo Sechelela aliniangalia akasema, kwa upole kabisa, kwamba Bibi hajui yuko wapi. Kuna giza na nyasi kavu, alisema, na watu weupe wamelala pembeni yake, akiwasalimu hawamjibu.

Nyasi kavu. Watu weupe. Nikaketi chini hapohapo. Nilikuwa nimekufunga hapa, na kumbe paji lako la pili lilikuwa bado wazi, ndani ya sanduku la Mdachi.

Nilichota jivu la jiko lako, lililobaki, nikalifunga kwenye kitambaa. Nikachukua kisu chako. Nikambeba Sechelela mgongoni, baridi yake ikipita kwenye nguo yangu mpaka kifuani, nikatembea hadi Dodoma. Watu walinionyesha bohari karibu na reli, mahali mizigo ya daktari, ya miaka yote aliyozunguka huku, inapongojea gari la kwenda pwani. Daktari mwenyewe alikuwa amekwenda bomani. Mlangoni alikuwapo mlinzi, mzee wa Kirangi kutoka Kondoa, Mwislamu, ndevu zimetiwa hina. Nilijiandaa kupiga magoti. Nikamweleza kila kitu, wazi, na nilipomaliza aliangalia paji langu kwa muda mrefu. Akasema amehamisha mkeka wake wa kuswalia mpaka kule nje kwenye jua, tangu masanduku yale yaletwe.

"Ingia, mwanangu," akaniambia. "Humo mna watu wanaopumua."

Alinipa mtaimbo wa kubandulia misumari, yeye akabaki nje akinipa kisogo.

Mchana ulikuwa unaingia kwenye nyufa za mbao, kwa hiyo niliona vizuri. Masanduku yalikuwa mengi. Sikujua nianze na lipi, lakini Sechelela alitoa mkono mgongoni mwangu akaonyesha. Nilibandua kifuniko. Ndani ya nyasi kavu walikuwa wamelala chali, weupe, macho yamefumbwa: mhunzi, na dada yake mhunzi, na mama wa kule bondeni, na yule kijana aliyekuchekesha ukakosea ukarudia. Niliwajua wote. Wote ni watu walio hai, wako majumbani kwao wanakula. Kila mmoja na mduara wako, na kila mduara na mlango wake. Chokaa ilikuwa imeshika kila kitu, mpaka mahali mwiba ulipoinua ngozi. Nilikuwa natazama kazi yako yote, Bibi, na hata katika hofu ile nilisema moyoni, hakuna mwingine aliyeweza hivi. Wala hatakuwapo.

Na wewe ulikuwa katikati. Umekunja mdomo vilevile, kama unayetaka kucheka. Chini ya pua yako palikuwa na tundu mbili ambazo nyasi za daktari ziliacha, na mbele ya tundu hizo ukoka mmoja mkavu ulikuwa unainama na kuinuka, unainama na kuinuka.

Sechelela akasema huyu hapa.

Nilikukwangua mlango kwa kisu chako, taratibu, unga wa chokaa ukinidondokea magotini. Nikasindilia jivu. Nilikuita jina lako lote, lile la kwenu, ambalo mimi peke yangu ndiye niliyebaki nalijua. Ukoka ukainuka mara ya mwisho, ukatulia. Mgongoni mwangu nilisikia mwili wa mwanangu unapata moto polepole, kama chungu kilichorudishwa jikoni, halafu akasema ana njaa. Nilitaka kupiga kelele ya furaha. Nilitaka pia kukurudisha. Vyote viwili, Bibi, kwa moyo mmoja.

Nilipoinama kurudisha nyasi ndipo nilipouona uso wa pembeni yako. Nilikuwa nimekwisha sahau kwamba na mimi nililala nikamwagiwa chokaa. Ni uso wangu. Mashavu ya wakati ule, kabla sijazaa. Mbele ya pua yake pia ukoka ulikuwa unainama na kuinuka. Nikabana pumzi. Ukasimama. Nikapumua. Ukaenda.

Jivu la kwangu sikuwa nalo, na hata ningekuwa nalo, aliye hai hafungwi. Ulinifundisha wewe. Ningeweza kuupasua kwa mtaimbo, niliuinua kabisa, kisha nikaona ukoka unaenda mbio pamoja na moyo wangu, nikashusha. Nani ajuaye nini kinapasuka. Nikakufunika wewe, nikajifunika mimi, nikagongomea misumari. Mzee wa Kondoa alinipa maji na kipande cha mkate, vyote akampa mtoto kwanza.

Gari liliondoka na masanduku hayo. Kigoda chako sasa ni cha baridi, kigoda tu, na Sechelela anakiburuta uani akichezea. Anakula mpaka namkataza. Mapaji hayawashi tena.

Ila mimi, Bibi, siku nyingine nikiwa napepeta uwele mchana kweupe, nasikia harufu ya nyasi kavu na chuma. Nikifumba macho sakafu inayumba, na ninasikia maji mengi sana, mimi ambaye sijawahi kuona maji yanayozidi bwawa la Bahi. Juzi maji yalinyamaza. Sasa ni baridi tu, na nyayo za watu wengi wakipita mbele yangu polepole, wakisimama kunitazama, wakiendelea. Hawasalimu.

Nimeanza kumfundisha Sechelela kushika kisu. Siku yangu ikifika atanifunga hapa, kwa jivu la jiko langu, na atafanya vizuri, ana mkono wako. Yule wa kule hakuna atakayemfikia.

Basi lala, Bibi yangu. Sitakuita tena, hata nikikukosa. Na nakuahidi hili, uwe shahidi wangu: nitakapokuwa kule, nimezinduka gizani na mlango wazi, nikajua njia ya kurudi nyumbani, hata kigoda kikiwa kivulini, hata kukiwa na mtoto mwenye mikono ya moto, sitakuja. Nitakaa na baridi yangu.

Ni mimi, uliyeniita Asiyefumba Macho.