Dada Ananipa Figo, Mimi Nangoja ya Mashine

Shangazi Mukami, pokea salamu zangu, na naomba unisaidie kwa sababu kwetu hatusemezani tena. Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma hapa Baba Dogo, au nilikuwa, maana tangu figo zangu zigome kazi nashinda hospitalini nikisafishwa damu, nikitoka hapo miguu hainibebi, na dada yangu Triza, anayeshona sare za shule kule Tassia, alipoona hivyo akaenda kupimwa bila kuniambia, madaktari wakasema figo yake inanifaa, akaja kwangu amebeba soda, anafurahi kama mtu aliyepata kazi, nami nikamwambia hapana. Shangazi, Triza ndiye aliyenilea mama yetu alipofariki, sasa ana watoto wadogo, na mumewe Simiyu amekubali lakini hanitazami machoni, nikifikiria dada apasuliwe kwa ajili yangu machozi yananitoka. Halafu kwenye simu nikaona video ya wanasayansi wanaochapisha viungo vya mwili kwa mashine, wanachukua seli zako mwenyewe wanazipanga tabaka juu ya tabaka mpaka kitu kinafanana na figo, basi nikamwambia Triza sitaki yako, yangu inakuja.

Akaniuliza, "Inakuja lini, Opicho?"

Nikamwonyesha ile video. Akasema, "Unanikataa mimi, unangoja mashine," akaondoka, na tangu hapo hapokei simu yangu. Je, nimekosea kumhurumia?

Opicho, Baba Dogo

Opicho mwanangu, pole sana. Kumhurumia dada si kosa. Kosa ni kumwamulia mtu mzima, tena yule aliyekulea.

Nilimpigia daktari wa figo ninayemwamini. Akaniambia, "Watafiti wamepiga hatua, wanachapisha vipande vidogo vya tishu, lakini figo nzima ya kumwekea mtu bado. Mgonjwa wangu asiingoje hiyo." Nami naiombea siku hiyo ije, dada wa mtu yeyote asipasuliwe wala maskini asirubuniwe kuuza figo yake. Lakini hata ikija, sijui itaanza na nani. Vitu vipya hukaa kwa wenye nacho muda mrefu kabla ya kufika mitaa yetu. Damu yako inataka kuchujwa wiki hii.

Na tusidanganyane. Ile video ilikupa mahali pa kujificha. Unaogopa Triza akidhurika utaishi vipi na watoto wake wakikutazama. Woga huo una haki yake. Mwambie huo, uache habari za mashine.

Usipige simu tena, nenda Tassia mwenyewe ukamwombe radhi. Kisha nendeni kwa daktari pamoja na Simiyu, mwelezwe hatari zote bila kufichwa, na Triza aulizwe akiwa peke yake kama kuna anayemsukuma. Akibadilisha nia, mshukuru, na usimlaumu hata siku moja. Akisema bado anataka kukupa, Opicho, nyamaza upokee.